Toeni Kokoto Chini ya Vyungu vya Bonsai

Msimu wa kubadilisha udongo wa bonsai, ile miti inayokuzwa ibaki midogo kwenye vyungu vifupi, unakaribia, na malalamiko ni yaleyale: majani yamekuwa ya njano, mizizi imegeuka myeusi na inanuka, na mwenye mti anaapa kwamba maji hayakutuama, maana chini ya chungu aliweka kokoto. Leo nazungumzia kokoto hizo. Kupogoa na kufunga waya mnakujua.

Maji hayashuki kutoka kwenye udongo wa chembe ndogo kwenda kwenye kokoto eti kwa sababu chini kuna nafasi. Vijitundu vya udongo huyang'ang'ania, na tone la kwanza halidondoki mpaka sehemu ya chini ya udongo ilowe chapachapa. Kila ukimaliza kumwagilia, hapo chini hubaki tabaka lililojaa maji, lisilo na hewa. Unene wa tabaka hilo unategemea ukubwa wa chembe (zikiwa kubwa, linakuwa jembamba), si kina cha chungu. Ukiweka kokoto haliondoki. Linapanda na kukaa juu ya kokoto, pale pale mizizi ilipo.

Tupige hesabu. Tuseme udongo wako wa bustani, wenye vumbi lake, unashika tabaka la maji la sentimita 4. Kwenye ndoo yenye udongo wa sentimita 30 zinabaki 26 zenye hewa, ndiyo maana mkwaju wako ulistawi ulipokuwa kwenye ndoo. Chungu cha bonsai kina sentimita 6, kwa hiyo zinabaki 2. Halafu unachukua sentimita 2 za chini unazijaza kokoto! Udongo uliobaki ni sentimita 4, na zote ni maji. Mizizi inakosa hewa na kuoza, mzizi uliooza haunyonyi, majani yananyauka, nawe unadhani mti una kiu, unaongeza maji.

Asiyeamini achukue sponji ya kuoshea vyombo, ailoweshe, ailaze kwenye kiganja mpaka iache kudondosha. Kisha aisimamishe wima. Maji yatatoka tena, na hakuna aliyeikamua. Kitu kikiwa kifupi hubaki na maji mengi kwa kadiri ya kimo chake, na chungu cha bonsai ni kifupi kuliko vyungu vyote ulivyo navyo.

Dawa ni chembe kubwa, mchanganyiko mmoja kuanzia juu mpaka chini. Ukubwa ni milimita 3 hadi 6. Kwa mti usiozidi kimo cha sentimita 15, milimita 2 hadi 4. Kwenye tundu la chungu weka kipande cha wavu wa plastiki, basi.

Kwa mkuyu, mkwaju na bogenvilia changanya makopo 3 ya mawe mepesi ya volkano, kopo 1 la matofali ya kuchoma yaliyopondwa, na kopo 1 la mboji iliyokomaa. Mbuyu na adeniamu (waridi la jangwani) wapunguziwe mboji iwe nusu kopo, au wasipewe kabisa. Pima kwa kopo, usipime kwa kilo, kwani mawe hayo ni mepesi mno na mizani itakudanganya. Yanapatikana Rungwe, upande wa Arusha na Kilimanjaro, na kwa Kenya maeneo ya Naivasha na Longonot. Akadama, ule udongo wa Japani unaouzwa kwa bei ya kutisha, ni mzuri, lakini mti wako hautakufa kwa kuukosa. Penye jua kali na upepo ongeza kopo la pili la matofali, maana tofali hushika unyevu. Usiongeze udongo.

Tofali lenyewe lipimwe: loweka vipande usiku kucha, na vikigeuka tope, halikuiva. Vifusi vyenye saruji msivitumie. Ninyi wa pwani, achaneni na mchanga wa bahari kwa sababu ya chumvi, na mawe ya matumbawe kwa sababu ya chokaa. Ukiwa na shaka na jiwe, lidondoshee siki. Likitoa povu, litupe.

Sasa kuchekecha, na hapa nitakuwa mkali. Chekecha vitu vikiwa vikavu, kwa sababu vumbi bichi hunata kwenye chembe. Kwa chembe za milimita 3 hadi 6, wavu wa milimita 6, ule wa kuanikia kahawa, unatoa makubwa. Kwa wavu wa milimita 3, usipoupata, pandanisha nyavu mbili za milimita 6 zilizopishana nusu tundu. Kinachopita hapo kwenye wavu mdogo hakirudi kwenye chungu. Nawajua: mnaona nusu gunia limepita chini, mnaona uchungu, mnarudisha "kidogo tu". Hicho kidogo ndicho kinachoziba nafasi zote ulizozitafuta. Kamwage kwenye tuta la mchicha. Kisha osha mawe na matofali mpaka maji yatoke meupe, ndipo uchanganye na mboji.

Wakati ni mwisho wa Februari hadi Machi, kabla ya masika, au Septemba hadi Oktoba. Nyanda za juu msiguse mizizi Juni na Julai. Usikate zaidi ya theluthi ya mizizi. Weka mti kivulini wiki 2 hadi 3, mbolea baada ya wiki 6, kisha nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kila wiki 2, kwa kuwa mchanganyiko huu haushiki chakula. Maji ni kila siku, na siku za joto mara mbili. Ila hakikisha kwanza: chomeka njiti ya mshikaki kwenye udongo kwa nusu saa, ikitoka kavu mwagilia mpaka maji yatoke tunduni. Machipukizi mapya yakitokea, mizizi imeshika.

Na kama kokoto zimo tayari na msimu bado, usifukue. Inua upande mmoja wa chungu kwa kipande cha mbao cha sentimita 4 kila ukimaliza kumwagilia. Chungu kilichoinama kina kimo zaidi, kama sponji iliyosimamishwa, na maji ya ziada yatatoka kwenye tundu la upande wa chini.