Kuandika na kuendesha skripti kwa nano, hata kama una simu tu

Watu wengi wakiingia kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia kompyuta amri, wanaambiwa waanze na vim, programu ya kuandikia mafaili ya maandishi, wanaifungua, halafu hata kutoka humo ndani hawawezi. Mimi mwenyewe nilishawahi kuzima kompyuta kwa kitufe ili nitoke vim, sioni hata aibu kusema. Wewe anza na nano, nayo ni ya kazi hiyohiyo. Ni kadogo, kapo tangu 1999, na amri zake zimeandikwa hapohapo chini ya skrini, ile alama ^ maana yake shikilia Ctrl.

Ukiwa na Ubuntu, aina ya Linux, mara nyingi unaikuta tayari. Kama una simu ya Android tu, weka Termux, programu inayokupa terminali kwenye simu, kutoka F-Droid, duka la programu huria za Android, halafu andika `pkg install nano`. Kibodi ya simu haina Ctrl lakini Termux inakuwekea vitufe vya ziada juu ya kibodi, au shikilia kile cha kupunguza sauti, nacho kinafanya kazi ya Ctrl.

Haya, tuandike skripti, yaani faili lenye amri zinazoendeshwa moja baada ya nyingine. Andika `nano nakala.sh` ubonyeze Enter, uweke hivi:

```
#!/usr/bin/env bash
leo=$(date +%F)
mkdir -p "nakala/$leo"
cp *.txt "nakala/$leo/"
echo "Tayari, nimehifadhi za $leo"
```

Hii inachukua mafaili yote ya .txt kwenye folda uliyopo na kuyakopi kwenye folda yenye tarehe ya leo. Kusevu ni Ctrl+O halafu Enter, kutoka ni Ctrl+X. Ctrl+K inakata mstari mzima, Ctrl+U inaupesti, Alt+U inarudisha ulichoharibu. Hizo tano zinakutosha miezi mingi tu.

Kuiendesha andika `bash nakala.sh`, basi, bash ndiyo programu inayosoma amri hizo na kuzitekeleza. Ukitaka iwe kama programu kamili, `chmod +x nakala.sh` mara moja tu, ili kuipa faili ruhusa ya kuendeshwa, kisha kila siku `./nakala.sh`. Hiyo nukta na mkwaju usiviache, bila hivyo terminali haiangalii folda uliyopo, inatafuta kwenye folda zake maalum tu. Na kwenye simu usiweke skripti kwenye /sdcard, huko chmod haishiki, iache kwenye folda ya nyumbani ya Termux.

Sasa makosa. Ukiweka nafasi pembeni ya alama ya sawasawa, yaani `leo = $(date +%F)`, bash inadhani leo ni jina la amri, utaona `line 2: leo: command not found`. Hiyo namba ndiyo ya kushika: andika `nano +2 nakala.sh` na utatua moja kwa moja kwenye mstari wa 2, hakuna haja ya kuhesabu kwa kidole.

Lakini kosa baya zaidi ni lile la kimyakimya. Endesha hiyo skripti kwenye folda isiyo na .txt hata moja: cp italalamika, halafu chini yake skripti inakwambia "Tayari", wakati haijahifadhi kitu! Bash ikikosea mstari mmoja inaendelea na unaofuata kama hakijatokea kitu, na kama huna mazoea ya kusoma yaliyo juu unalala usingizi mzuri ukijua mafaili yako yapo salama kumbe wapi. Dawa ni kuongeza `set -e` chini ya mstari wa kwanza, amri ikifeli skripti inasimama palepale, hiyo "Tayari" huioni.

Na kama skripti iliandikwa Windows ukaona kosa lenye `^M`, ni miisho ya mistari ya Windows hiyo, piga `sed -i 's/\r$//' nakala.sh` itakaa sawa.

Ila siku moja utaingia kwenye seva ya watu ambayo haina nano, ina vi tu, mzazi wa vim. Bonyeza Esc, andika `:q!`, Enter. Umetoka, na kompyuta haijazimwa.