Kabla ya kumwandikia tena dawa ya gesi

Mama wa miaka hamsini na kitu akifika zahanati, iwe Muheza au Pangani, akilalamika tumbo kujaa, wengi wetu huanza na dawa za vidonda vya tumbo. Si kosa. Ila akirudi na shida ileile, fungua kwanza kurasa za nyuma za daftari lake: dawa ya gesi, ya U.T.I., ya minyoo, halafu ya gesi tena. Hapo ifikirie saratani ya ovari, yaani ya vifuko vya mayai ya mwanamke.

Muulize kama anashiba kwa matonge mawili matatu, kama chini ya kitovu panauma, kama anabanwa na mkojo kila mara. Dalili hizi zikijirudia zaidi ya mara 12 kwa mwezi, hasa kwa aliyevuka miaka 50, zinataka uchunguzi. Wapo wasiotaja uvimbe kabisa. Watakwambia ni chango, au gauni linambana tumboni wakati mabega yamekonda. Mlaze kitandani umpapase tumbo, tena bila haraka. Uliza pia kama mama, dada au shangazi aliugua saratani ya titi au ya ovari, maana hitilafu za jeni za BRCA1 na BRCA2, zinazoongeza hatari ya saratani hizo, hurithiwa.

Asikwambie "nilishapima kizazi, niko safi" ukaridhika. Kipimo cha shingo ya kizazi hakioni ovari.

Kinachofuata ni ultrasaundi. Kipimo cha damu cha CA-125, protini ambayo mara nyingi hupanda kwenye saratani ya ovari, kikipatikana, kiwango cha 35 U/mL na kuendelea kinatia shaka, ingawa hata kifua kikuu cha tumbo hukipandisha, na majibu ya kawaida hayamtoi mtu hatarini. Ukishika uvimbe au ukikuta maji tumboni, usisubiri majibu ya damu: mpe rufaa. Na uvimbe usichomwe sindano, kwani unaweza kusambaza seli za saratani.

Barua iende kwa daktari wa magonjwa ya wanawake pale Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga. Kutoka huko anaweza kupelekwa Ocean Road, taasisi ya saratani Dar es Salaam, au hospitali ya KCMC, Moshi. Usiandike "maumivu ya tumbo, msaada zaidi" ukagonga muhuri. Andika umri, dalili zilianza lini, dawa alizokwisha kunywa, ulichokishika kwa mkono. Ambatanisha picha na majibu yote.

Kisha zungumza naye mwenyewe kabla ya wanawe: bima anayo? Nani atamsindikiza, na watafikia kwa nani? Chukua namba ya simu ya msindikizaji, na wiki inayofuata piga uulize kama daktari amemwona.