Somo: Namna ya kutembelea Hampi, mji wa mahekalu na wafalme

Ndugu zangu, wengi wetu hufika Bangalore, India, kwa matibabu au masomo, tukarudi nyumbani bila kuona kitu zaidi ya hospitali na maduka. Ukipata siku mbili, nenda Hampi. Ndio uliokuwa mji mkuu wa Vijayanagara, dola ya Kihindu ya kusini mwa India, tangu karne ya 14 hadi 1565, masultani wa Deccan, nyanda za juu za huko, walipolishinda jeshi lake katika vita vya Talikota na mji ukaporwa.

Hatua ya 1. Panda treni ya usiku kutoka Bangalore, ushuke Hosapete asubuhi. Kata tiketi ya kulala mapema, hujaa haraka. Hadi Hampi ni kama kilomita 13, kwa basi au bajaji. Patana nauli kabla ya kupanda.

Hatua ya 2. Anza na hekalu la Virupaksha, kwa sababu watu wanasali humo hadi leo. Vua viatu, funika mabega na magoti. Nyuma kabisa kuna chumba cha giza chenye tundu dogo ukutani. Mwanga unaopenya hapo huleta taswira ya mnara wa lango la mashariki, wenye takriban mita 50, ikaangukia ukuta wa pili kichwa chini. Usikimbie kutoka, acha macho yazoee giza kwanza.

Hatua ya 3. Hekalu la Vittala, kabla jua halijawa kali. Gari la mawe la uani ndilo lililo kwenye noti ya rupia 50. Inama utazame nyuma ya tembo wawili wa mawe walio mbele yake: utaona mabaki ya farasi waliochongwa kabla yao. Nguzo za ukumbi hutoa sauti zikigongwa, lakini ni marufuku kuzigonga, nanyi msishawishiwe.

Hatua ya 4. Tiketi ya Vittala usiitupe. Siku hiyo hiyo inakuingiza Lotus Mahal, jumba la kifalme, na kwenye mabanda ya tembo wa mfalme, vyumba 11 kwa safu.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Sisi Waislamu tutakula nini huko?*
Marahaba. Kijijini Hampi chakula ni cha mboga: wali, dengu, dosa (chapati nyembamba ya mchele na dengu). Ukitaka nyama, rudi Hosapete, na uulize kama ni halali.

*Mama yangu ametoka kufanyiwa upasuaji wa goti. Ataweza?*
Pole sana, dada. Muulizeni daktari wake kwanza. Akiruhusu, Virupaksha inamtosha. Vittala kuna magari ya betri kutoka kwenye maegesho, ila ndani ngazi zipo. Kupanda kilima cha Matanga, kilicho hapo Hampi, aache kabisa.

*Mwezi gani mzuri?*
Novemba hadi Februari. Kuanzia Machi mawe huunguza, na hekaluni unatembea peku.

*Tunaotoka Kenya tunahitaji cheti cha homa ya manjano?*
Ndiyo, na Uganda na Kongo pia. Chanjo uipate angalau siku 10 kabla ya kusafiri.