Kumwangalia mwenye malaria nyumbani: saa, daftari na rangi ya mkojo

Mgonjwa akishapimwa damu na kupewa Coartem, vidonge vya kutibu malaria, kazi inayobaki ni ya nyumbani. Tafuta daftari, saa na kipimajoto. Kiganja kwenye paji la uso hakitofautishi 38 na 40.

Kausha jasho la kwapa, bana kipimajoto mpaka kilie. Kuanzia 37.5 ni homa. Pima kabla ya kumpa panado. Ukipima baadaye unaandika kazi ya panado, si hali ya ugonjwa. Dozi ya panado ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, isizidi mara nne kwa siku. Haiui vijidudu, kwa hiyo mtoto aliyeamka kucheza bado anaumwa.

Kwenye Coartem wengi hukosea dozi ya pili: inafuata baada ya masaa 8, si 12. Ukianza saa mbili asubuhi, ya pili ni saa kumi jioni. Siku mbili zinazofuata ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, jumla dozi sita. Mpe na maziwa au mchuzi wa karanga, maana dawa hii hufyonzwa vizuri penye mafuta. Akitapika kabla ya saa moja kupita, rudia dozi nzima, kisha omba vidonge vya kufidia, la sivyo dozi ya mwisho itapungua. Akitapika tena, rudi kituoni.

Andika pia anachokunywa na mkojo wake. Ukiwa mweusi kama soda ya Coca-Cola, chembe nyekundu za damu zinavunjika. Hali hii inajulikana sana mashariki mwa Uganda. Linganisha kiganja chake na chako: kikiwa cheupe, damu imepungua. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima. Zikifika 50 kati ya miezi miwili na mwaka mmoja, au 40 kati ya mwaka mmoja na mitano, ni hatari.

Degedege, kushindwa kunyonya au kuketi, kutapika kila kitu, usingizi usioamshika: chukua boda usiku huohuo. Mwenye degedege mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, anaweza kumwekea mtoto mdogo dawa ya malaria ya artesuneti njia ya haja kubwa, lakini hiyo ni ya njiani tu. Hospitali lazima mfike.

Homa ikirudi baada ya siku tatu, omba kipimo cha darubini. Kile cha haraka cha kidoleni huweza kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa hata vijidudu vikiwa vimekwisha.