Kupita njia mbovu za Kinango na Taru na 4x4 bila kukwama

Watu wengi hapa Mombasa wana 4x4 nzuri sana lakini yaishia Nyali na Bamburi, halafu siku moja mtu aitwa harusi ndani ndani huko Kinango, ama aamua kukata nyika ya Taru kutokea Mackinnon Road, mvua imenyesha jana yake, na gari yakaa chini mpaka difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Gari haina makosa. Ni kwamba hakuna aliyemfundisha kuitumia, na hiki ni kitu cha kufundishika kabisa.

Anza kwa kuijua gari yako mwenyewe. Land Cruiser zile za kazi na Hilux nyingi za zamani zina hab, yaani vile vifungio vya katikati ya tairi za mbele, washuka wazifunga kwa mkono ndio 4H, ile gia ya kuvuta tairi zote nne kwa mwendo wa kawaida, ifanye kazi, usipozifunga utasukuma kile kigia kidogo na tairi za mbele hazivuti chochote. Prado nyingi zavuta tairi zote nne wakati wote, hapo cha muhimu ni kulok difu ya kati, ile igawayo nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma, kabla hujaingia pabaya. Na kama yako ni ile ya kuweka na kutoa 4H mwenyewe, usiendeshe na 4H kwenye lami kavu, kwa sababu kwenye kona tairi za mbele na za nyuma hazizunguki sawa na zimefungwa pamoja, utavunja vitu vya pesa nyingi huko chini. 4L, ile ya kuvuta zote nne polepole kwa nguvu nyingi, ni ya mawe, mlima mkali, tope zito na kuteremka. Simamisha gari, weka, halafu ndio uingie, si ukishakwama ndio waanza kutafuta gia.

Sasa upepo wa tairi, na hapa nataka unisikize sana kwa sababu ndio nusu ya kazi yote. Kwenye lami labda waenda na 32 mpaka 36 psi. Ukiingia mchanga mzito shusha mpaka 18 hivi, ukikwama kabisa waweza kwenda 15, chini ya hapo tairi yaweza kutoka kwenye rimu ukikata kona. Tairi ikipungua upepo inajitandaza kama wayo wa ngamia, inakaa juu ya mchanga badala ya kuchimba. Watu waogopa kutoa upepo kwa sababu hawana pampu ya kurudishia, basi nunua pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri na kipimo cha upepo kabla hujafikiria taa za juu na mabampa ya chuma. Ukishashusha usikimbie, baki chini ya 40 kwa saa na kona zichukue polepole.

Mito mikavu ya huko, ile laga, mchanga wake ni mzito. Ingia na mwendo wako tayari, gia ya pili au ya tatu, mguu uwe sawa kwenye mafuta, usibadilishe gia katikati, usipige breki. Ukihisi gari yazama, yumbisha usukani kidogo kushoto kulia ili tairi zishike kingo, na kama haiendi mbele tena acha mafuta PAPO HAPO. Ukiendelea kukanyaga wachimba kaburi la gari. Rudi kinyumenyume kwenye alama zako mwenyewe, pale mchanga ushashindiliwa.

Kama laga ina maji usiingie kwa kuona mwenzako amepita. Maji ya huko yatoka mbali, hapo ulipo jua lawaka lakini juu mvua imenyesha, na mto waweza kupanda ukiwa katikati. Maji yakienda kasi, au ni mekundu na yabeba matawi, simama ungoje, hata kama ni mpaka kesho. Yakiwa yametulia, mtu atangulie kwa miguu na fimbo apime kina, ila si mahali penye mamba kama Galana, hapo huteremki. Yakipita katikati ya tairi uwe na uhakika mdomo wa kuvuta hewa ya injini uko juu. Weka 4L gia ya kwanza au ya pili, nenda taratibu bila kusimama, usikanyage klachi. Gari ikizima ndani ya maji usipige stata tena, maji yakishaingia kwenye injini utapinda konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni. Ivutwe itoke kwanza.

Udongo mweusi ule wa kunata ukilowa sikushauri hata kidogo. Wajaza meno ya tairi yote na gari yateleza inavyotaka. Masika, mwezi wa tatu mpaka wa tano, uliza wenyeji kabla hujaiacha lami, waendesha bodaboda wa hapo wajua njia gani yapitika leo, na ukiambiwa haipitiki, amini.

Mlima wenye mawe ushuke uutazame kwa miguu kwanza. Weka tairi JUU ya jiwe kubwa, usilipitishe chini ya difu. Gari ikishindwa kupanda usigeuze kamwe, itabingirika, weka rivasi urudi moja kwa moja. Kuteremka ni 4L gia ya kwanza, injini ndiyo ikuzuie. Na vidole gumba vikae nje ya usukani, ukigonga jiwe usukani wazunguka kwa nguvu.

Chukua sepeto, mbao mbili za kuweka chini ya tairi, jeki na ubao wa kuikalisha, kamba nzima na shako, zile pingu za chuma za kufungia kamba, maji ya kunywa ya kutosha. Kamba funga kwenye chesisi, USIFUNGE kwenye kile kitufe cha kuvutia trela, kikikatika chatoka kama risasi na watu wameshakufa hivyo. Kila mtu asimame mbali, watoto hasa. Mwende magari mawili kama yawezekana.

Ukifika lami, toa 4H, fungua hab, rudisha upepo wote kabla hujaikamata barabara kuu ya malori, na uiname uangalie kama kuna nyasi kavu zimenasa karibu na eksosi, zinashika moto.