Kabla ya kupigwa kamera ya utumbo: kwa wenye kolaitisi ya miaka mingi

Haya nayaandika kwa mtu ambaye daktari ameshamwambia ana kolaitisi ya vidonda (utumbo mpana unaowaka na kuota vidonda kwa muda mrefu), au ugonjwa wa Crohn ulioshika utumbo mpana, na sasa amepangiwa kolonoskopi, yaani hiyo kamera ya utumbo mpana. Kama unaona damu chooni na hujawahi kupimwa, achana na makala hii, nenda hospitali kwanza.

Mepesi tuyamalize haraka. Dawa ya kusafisha tumbo kunywa yote, hata ikikuchefua. Utumbo ukibaki na uchafu utarudishwa nyumbani. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma husimamishwa siku kadhaa kabla, na dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda zitaje zote mapema. Nenda na mtu wa kukurudisha, kwa sababu utachomwa dawa ya usingizi. Bima iulize kama inalipia kamera peke yake au na vinyama vitakavyopelekwa maabara, maana vinaweza kuwa vingi.

Sasa lililo zito: ujue mwaka ulipoanza kuumwa, maana ndio unaoamua ukaguzi wa saratani ya utumbo uanze lini. Nasema kuumwa, siyo kugundulika.

Wifi yangu alianza kuharisha damu akiwa chuo. Zahanati wakamwambia amiba, akapewa metronidazole, ikatulia. Ikarudi. Mara taifodi, mara bawasiri, mara amiba tena. Ameshaolewa na kuzaa ndipo akapigwa kamera, ikaonekana kolaitisi ya utumbo mpana wote. Akaanzishiwa mesalazini, dawa ya kutuliza utumbo uliowaka, akanenepa, tukasahau. Kwenye faili ukaandikwa mwaka ule wa kamera, na kila aliyelifungua baada ya hapo alimwambia ugonjwa wake bado mchanga, ukaguzi wa saratani haujafika. Aliyekuja kumuuliza swali la maana ni daktari mpasuaji, uvimbe ukiwa umeshaota upande wa kulia: "Damu ya kwanza uliiona lini?" Wifi akakunja vidole kuhesabu, akaanzia hosteli. Vidole vikaisha, akarudia mkono wa kwanza. Utumbo mpana wote ulitolewa. Yu hai, anavaa mfuko tumboni, na vitenge anavifunga juu zaidi ya zamani.

Miongozo ya kitabibu husema ukaguzi wa kwanza ufanyike kama miaka 8 tangu dalili zianze, halafu urudiwe kila mwaka hadi kila miaka 5 kulingana na hatari uliyonayo. Ukiwa na ugonjwa wa mirija ya nyongo uitwao PSC, usisubiri miaka 8: ni kila mwaka tangu siku uligundulika nao. Mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua saratani ya utumbo naye mtaje. Mwenye vidonda vya puru peke yake hatari yake haizidi sana ya watu wengine.

Kwa nini miaka inahesabiwa? Kila kidonda kikifunga, seli za ukuta wa utumbo hugawanyika haraka kuziba pengo, na kila zikigawanyika lazima vinasaba vinakiliwe upya. Hapohapo zimejazana chembe nyeupe za damu zinazomwaga kemikali kali za oksijeni na naitrojeni. Kemikali hizo ni za kuua vijidudu, lakini huharibu pia vinasaba vya seli zetu wenyewe. Jeni ya TP53, ambayo kazi yake ni kuzuia seli iliyoharibika isiendelee kuzaana, mara nyingi ni ya mwanzoni kuharibika. Kwa mtu asiye na kolaitisi, kwa kawaida huanza jeni nyingine, APC, na hutokea kinundu kinachoonekana. Kwenye kolaitisi mabadiliko yanaweza kutambaa bapa juu ya eneo kubwa bila kuchomoza chochote. Ndiyo maana madaktari hunyunyiza rangi ya buluu ili yaonekane, au huchukua vinyama vinne kila sentimita 10. Uliza utafanyiwa ipi. Usione haya, utumbo ni wako.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2001 ulikadiria saratani kwa asilimia 2 ya wenye kolaitisi ya vidonda baada ya miaka 10, 8 baada ya 20, na 18 baada ya 30. Tafiti za baadaye zimetoa viwango vya chini zaidi. Wengi hawataipata, lakini hatari yenyewe hupanda na miaka.

Na uende tumbo likiwa limetulia. Watu huahirisha miadi kwa sababu wanajisikia vizuri, kumbe huo ndio wakati wake: utumbo uliowaka humchanganya anayesoma vinyama kwenye hadubini, asijue kama seli zimebadilika kweli au zinapona tu. Majibu yakisema zimeanza kubadilika, omba msomaji wa pili.

Mengine ni ya kawaida. Nakala za majibu kaa nazo mwenyewe, faili hupotea. Mesalazini usiiache kwa sababu umepona, na prednisolone usiikate ghafla. Diclofenac ya duka la dawa inaweza kuamsha vidonda, kwa hiyo mgongo ukiuma uliza kwanza. Dawa za miti shamba nazo zitaje, hata kama daktari atakunja uso.