Usiisahau shingo na migongo ya mikono

Wengi tunapaka losheni ya kukinga jua usoni, tukifika kidevuni tunaishia hapo. Kumbe shingo na migongo ya mikono ndiyo hutangulia kusema umri: ngozi yake ni nyembamba, na jua huipiga kila siku. Hata ukiwa ndani ya gari, miale ya UVA, ile miale ya jua isiyoonekana inayozeesha ngozi, hupenya kioo cha dirisha. Chagua losheni ya SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 au zaidi, ishushe hadi kifuani, urudie kila baada ya saa 2 ukiwa nje. Ukinawa mikono, kinga imeondoka, paka tena. Usiku, paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu wa maji. Na sigara, tafadhali, achana nayo: huharibu kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, mikunjo ikaja mapema.